Mita Mia Mbili za Rivasi

Simu ilisema pinda kulia, Verlyn akapinda kulia.
Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kweli:
kilomita moja ya changarawe, halafu lango la chuma,
na nyuma ya lango kondoo mia tatu wa kusini mwa Idaho
wakitutazama kama watu waliochelewa msibani.

Nikasema, "Tushuke, tuyatenganishe."
Akasema, "Mita tatu tu, Ardith. Nijipange."
Miaka thelathini na moja aliendesha lori la nafaka;
kata yetu nzima kule Nebraska ilijua alivyopenyeza trela
mlangoni mwa ghala kama uzi tunduni mwa sindano.
Lakini trela lina bawaba moja,
na halina usukani wake.

Nikashuka na tochi, nikasimama
pale kioo chake kinaponiona, kama tulivyokubaliana
mwaka tuliostaafu, kwenye maegesho matupu ya duka la vyakula:
mkono unaopunga, njoo;
viganja viwili, taratibu;
ngumi, simama, na usiniulize.

Taa nyeupe zikawaka. Gari-nyumba likaguna,
tani kumi na mbili, sahani zikigombana kabatini.
Nyuma yake kigari chetu chekundu,
gia huru, hamna mtu ndani,
kikaanza kuota akili.
Niliuona usukani ukizunguka wenyewe,
polepole, kisha kwa kasi, hadi mwisho wake.
Magurudumu ya mbele yakalala upande
kama miguu ya ndama aliyekataa mnada,
mpira ukalima changarawe badala ya kuviringika.
Ngumi.
Ngumi!
Akasimama. Alikuwa amekwenda mita mbili na nusu.

Alichosema sikiandiki.
Alikisema kwa Kinorwe cha bibi yake,
lugha ambayo anajua matusi tu.

Pini mbili za nondo ya kukokotea zilikuwa zimebanwa,
chuma kimeuma chuma, hazipandi, hazishuki.
Mimi nasukuma kigari kwa bega, yeye anavuta;
yeye anasukuma, mimi navuta;
grisi kwenye koti nililolinunua Jumanne.
Mahali fulani katikati ya hayo nilimtupia neno la zamani
kuhusu nyumba tuliyoiuza,
neno ambalo halikuhusu pini.
Akanyamaza. Nikaendelea kusukuma.

Ndipo ikaja pikipiki ya magurudumu manne,
juu yake binti wa miaka kama kumi na minne,
mbwa mgongoni mwake, nyundo tayari mkononi.
"Naitwa Amaia. Nyie ni wa sita tangu Mei.
Babu aliweka kibao. Upepo umekila."
Akaingia kwenye kigari, akaunyoosha usukani,
akamwamuru Verlyn asogee mbele, kiganja kimoja, si viwili,
na Verlyn, aliyekataa ushauri wa makuli na mameneja,
akasogea kiganja kimoja.
Akagonga mara mbili. Pini ikaruka, ikapotelea majanini.
Ya pili ilitoka yenyewe, kama iliyoona aibu.

Giza lilikuwa limeshaingia.
Kugeuza hapakuwezekana, mtaro huku, mtaro kule,
hadi kwenye zizi la kunyolea, mita mia mbili nyuma yetu.
Basi nikaketi kwenye kigari, nikaweka gia ya nyuma,
shingo nimeikunja begani, nikaanza kurudi.
Yeye naye akarudi, akinifuata,
mgongo ule mweupe, mpana kama ukuta wa kanisa,
ukija polepole ndani ya taa zangu.

Kwa mara ya kwanza tangu tuoane
nilikuwa natangulia,
sote wawili tukienda kinyumenyume,
na kila nilipopunguza mwendo
naye alipunguza.

Pini ile hatukuiona tena.
Tulifunga kwa bolti hadi Twin Falls.